Wito wa Mbali: Namna Kompyuta Mbili Zinavyomhudumia Mgonjwa Mmoja

Bonde la Kilombero ni nchi ya maji. Kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, mto hutanuka kila masika na kuufunika uwanda mpana. Wakulima wa mpunga huhamia mashambani kwa majuma mengi, mbali na vijiji na vituo vya afya. Kabla ya kujengwa daraja la mto Kilombero, mgonjwa wa rufaa aliyetoka upande wa Ulanga kwenda Ifakara alisubiri kivuko. Daraja limeondoa kungoja huko. Lakini mgonjwa hasafiri peke yake: pamoja naye husafiri, au hupaswa kusafiri, taarifa za yale aliyokwisha kufanyiwa. Taarifa hizo zina mto wao wa kuvuka, nao ni mtandao wa kompyuta.

Makala haya yanaeleza mbinu moja ya kuuvuka mto huo: ile inayoiwezesha programu iliyo katika kompyuta moja kukiita kitu kilicho katika kompyuta nyingine kana kwamba viko mahali pamoja. Katika lugha ya Java mbinu hiyo hujulikana kwa kifupi kama RMI, na hapa itaitwa wito wa mbali. Msomaji hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Anachohitaji ni kukumbuka jinsi rufaa inavyofanyika, kwa kuwa karibu kila tatizo la wito wa mbali lina ndugu yake katika wodi.

Bonde lenye kumbukumbu nyingi

Ni maeneo machache ya vijijini Afrika Mashariki ambayo afya ya watu wake imeandikwa kwa kina kama Kilombero. Maabara ya utafiti iliyoanzishwa Ifakara na Waswisi katika miaka ya 1950 ilikua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwaka 1996 ulianza mfumo wa ufuatiliaji wa idadi ya watu na afya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga: wadodosaji walizitembelea kaya kila baada ya miezi minne, wakaandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama na nani amehamia. Mwaka 2005 lilianza kundi la ufuatiliaji wa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, lijulikanalo kama KIULARCO, ambalo kumbukumbu zake za kliniki zilikuja kutunzwa kwa programu ya OpenMRS.

OpenMRS imeandikwa kwa Java. Ilianza kubuniwa mwaka 2004, na mwaka 2006 ilikwisha kutumika Eldoret, Kenya. Vivyo hivyo DHIS2, programu iliyoendelezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo ndani yake Tanzania hukusanya takwimu za MTUHA kutoka vituo vya afya nchini kote: nayo imeandikwa kwa Java. Kwa hiyo muuguzi anayejaza kitabu cha MTUHA katika zahanati ya Ulanga, hata kama hajawahi kulisikia jina la Java, kazi yake huishia katika mfumo uliojengwa kwa lugha hiyo. Kujua namna vitu vya Java vinavyosemezana kwa mbali ni kujua kinachoweza kumpata mgonjwa wake katikati ya safari.

Kitu ni nini

Katika Java, programu hujengwa kwa vitu. Kitu ni muungano wa taarifa na kazi zinazoruhusiwa kufanywa juu ya taarifa hizo. Kadi ya kliniki ya mtoto ni mfano mwafaka. Ina taarifa: namba, tarehe ya kuzaliwa, uzito, dozi alizopewa. Ina pia kazi: kuongeza dozi, kusoma uzito wa mwisho, kuonyesha tarehe ya kurudi. Kazi hizo huitwa metodi. Programu haichokoi taarifa za kitu kiholela. Hukiomba kitu kifanye kazi fulani, nacho hujibu.

Vitu viwili vikiwa ndani ya kompyuta moja, maombi hayo ni ya haraka mno, hupimwa kwa sehemu za bilioni za sekunde, nayo hayapotei. Ama kompyuta nzima inafanya kazi, ama imezimika yote. Mambo hubadilika pale kitu kinachoomba kinapokuwa zahanati, na kitu kinachoombwa kinapokuwa katika seva ya hospitali ya rufaa.

Wakala, mkataba na rejesta

Wazo la kuita kazi iliyo katika kompyuta nyingine ni la zamani kuliko Java. Mwaka 1984 Andrew Birrell na Bruce Nelson, waliokuwa katika maabara ya Xerox, walichapisha maelezo ya kina ya jinsi ya kulitekeleza. Java ilipotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995 haikuwa nalo katika maktaba yake ya msingi. RMI iliingia katika toleo la 1.1, mwaka 1997.

Wito wa mbali huanza kwa mkataba. Pande zote mbili hukubaliana ni maombi gani yanaruhusiwa, nayo huandikwa katika kiolesura. Kwa rufaa ya mtoto, mkataba unaweza kuwa mfupi hivi:

public interface RejestaYaRufaa extends Remote {
    Kadi tafuta(String namba) throws RemoteException;
    void andikaDawa(String namba, Dozi dozi) throws RemoteException;
}

Mistari hii inasema kwamba rejesta ya rufaa, popote ilipo, inaweza kuombwa mambo mawili: kutafuta kadi kwa namba ya mgonjwa, na kuandika dozi iliyotolewa. Neno la mwisho katika kila ombi, RemoteException, ni onyo: ombi hili laweza kushindwa kwa sababu ya mtandao, na mwandishi wa programu halazimiki tu kulijua hilo bali hulazimishwa na lugha yenyewe aseme atafanya nini litakapotokea.

Baada ya mkataba, seva ya hospitali hukiandikisha kitu chake kwa jina katika rejesta ya mtandao, ambayo kwa kawaida husikiliza katika lango namba 1099. Kompyuta ya zahanati huiuliza rejesta hiyo kwa jina, nayo hupewa wakala. Wakala ni kitu kidogo kinachoishi zahanati, chenye sura ileile ya rejesta halisi, lakini hakina kadi hata moja ndani yake. Kazi yake ni ya mjumbe: hupokea ombi, hulifungasha pamoja na taarifa zake kuwa mfuatano wa baiti, hulituma, hungoja, hulifungua jibu na kulikabidhi. Upande wa seva, ombi hufunguliwa, kitu halisi hufanya kazi, na jibu hurudishwa kwa njia ileile. Mwandishi wa programu ya zahanati huandika mstari mmoja tu wa ombi, na safari yote hufanyika nyuma ya pazia.

Hapo ndipo ulipo uzuri wa wito wa mbali, na hapo ndipo ilipo hatari yake.

Nakala au anwani

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kile kinachosafiri. Katika RMI, kitu cha kawaida kinachotumwa hufungashwa na kufika kama nakala. Kitu cha mbali kinachotumwa hakisafiri. Husafiri wakala wake, yaani anwani ya mahali kilipo. Tofauti hii yaweza kuonekana ndogo, lakini daktari anaifahamu vizuri. Barua ya rufaa ni nakala: inaeleza hali ya mgonjwa ilivyokuwa saa ilipoandikwa. Namba ya simu ya zahanati ni anwani: anayepiga hupata hali ilivyo sasa, ila tu kama simu inapatikana.

Chukulia kwamba hospitali imeomba kadi ya mama mjamzito na kupata nakala asubuhi. Mchana, zahanati inagundua kuwa mama huyo aliwahi kuvimba uso na kubanwa pumzi baada ya sindano ya penisilini, na kuandika hivyo katika kadi halisi. Nakala iliyo hospitalini haibadiliki. Jioni, daktari anayeisoma ataona kadi safi isiyo na onyo. Hakuna programu iliyokosea; kila moja imefanya ilichoagizwa. Kosa limo katika kubuni mfumo bila kuuliza swali hili: taarifa hii ni ya kubeba, au ni ya kuulizia kila inapohitajika?

Jibu hutofautiana. Tarehe ya kuzaliwa haibadiliki, hivyo nakala inatosha. Mzio wa dawa, kundi la damu lililothibitishwa na dawa anazotumia mgonjwa sasa ni taarifa za kuulizia chanzo chake, na pale nakala inapotumika kwa kukosa njia nyingine, lazima ioneshe saa iliyochukuliwa. Nakala isiyo na saa ni sawa na jibu la maabara lisilo na tarehe.

Kimya si jibu

Jambo la pili ni zito zaidi. Mtoto mwenye malaria kali, anayetapika na kupoteza fahamu, amefikishwa katika zahanati ng'ambo ya mto. Mhudumu anampa dozi moja ya dawa ya kabla ya rufaa, kisha anatuma wito wa andikaDawa kwenda Ifakara ili wanaompokea wajue amepewa nini na saa ngapi. Sekunde 30 zinapita bila jibu. Wakala anatoa taarifa ya hitilafu.

Ni nini kilichotokea? Kuna uwezekano wa aina tatu. Wito haukufika kabisa. Au ulifika, seva ikazimika kabla ya kumaliza kuandika. Au dozi iliandikwa barabara, kisha jibu likapotea njiani. Kwa mhudumu aliye zahanati, hali zote tatu zina sura moja: kimya. Hakuna njia ya kuzitofautisha kwa kutazama skrini.

Asipotuma tena, na ikawa wito haukufika, mtoto atapokelewa bila kumbukumbu ya dawa aliyopewa. Akituma tena, na ikawa dozi ilikwisha kuandikwa, kadi itaonesha dozi mbili. Daktari wa zamu atakayeisoma atalazimika kukisia, na kukisia kipimo cha dawa aliyopewa mtoto aliyezimia si utabibu. Hata hesabu ya stoo itaharibika: dawa moja iliyotumika itaondolewa mara mbili katika leja, na mwisho wa robo mwaka zahanati itaonekana ina upungufu usioelezeka.

Tatizo hili haliponywi kwa kuongeza kasi ya intaneti. Mwaka 1994, watafiti wanne wa Sun Microsystems, Jim Waldo, Geoff Wyant, Ann Wollrath na Sam Kendall, walieleza kwamba kujifanya kitu cha mbali ni sawa na cha karibu ni kosa la msingi, na miongoni mwa sababu walizotaja ni hii ya kushindwa nusunusu: upande mmoja unazimika, mwingine unaendelea bila kujua. Wollrath na Waldo walikuwa miongoni mwa waliobuni RMI baadaye, na ndiyo maana RMI haiufichi umbali. RemoteException iliyo katika kila ombi ni matokeo ya hoja hiyo.

Dawa yake inajulikana, nayo ni kubuni maombi yanayoweza kurudiwa bila madhara. Badala ya kusema "ongeza dozi moja", wito useme "tukio namba hii, la mgonjwa huyu, saa hii: amepewa dozi hii". Namba ya tukio hutolewa zahanati, kabla ya kutuma, na haibadiliki hata wito ukirudiwa mara 10. Seva inapoona namba ambayo imekwisha kuiandika, haiandiki tena; hujibu tu kwamba imepokelewa. Sasa mhudumu, au programu kwa niaba yake, anaweza kutuma mpaka apate jibu, bila hofu. Maabara zimefanya hivyo kwa miaka mingi kwa karatasi: fomu ya kipimo ina namba yake, na fomu mbili zenye namba moja ni ombi moja.

Idadi ya safari

Jambo la tatu ni muda. Kutoka Ifakara hadi Dar es Salaam ni zaidi kidogo ya kilomita 400 kwa barabara. Mwanga ndani ya waya wa kioo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi umbali huo huchukua kama milisekunde 4, bila kuhesabu vituo vya njiani. Kituo kinachotegemea setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta kiko katika hali nyingine kabisa: ombi hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka, na karibu nusu sekunde hupita hata kama kila chombo kimefanya kazi bila dosari.

Nusu sekunde si kitu kwa ombi moja. Lakini mwandishi wa programu aliyezoea vitu vya karibu huweza kuomba jina, kisha umri, kisha uzito, kisha kila dozi peke yake. Skrini moja yenye maombi 60 kupitia setilaiti huchukua sekunde 30 kufunguka. Katika kliniki ya watoto yenye foleni ndefu, mhudumu hataisubiri. Ataandika katika daftari na kuahidi kuingiza baadaye, na mara nyingi baadaye haifiki. Programu imeshindwa bila kutoa hitilafu hata moja.

Tiba hapa ni kupunguza safari, si kuharakisha kila safari. Daktari hampeleki mgonjwa maabara mara sita kwa vipimo sita. Huandika vyote katika fomu moja. Vivyo hivyo, wito mmoja wa tafuta unaorudisha kadi nzima ni bora kuliko maombi 60 ya vipande vyake. Ndiyo sababu kiolesura cha mfano hapo juu kina maombi mawili tu.

Kitanda kilichowekwa akiba

Kuna jambo la nne, ambalo huonekana la kiufundi lakini lina busara ndani yake. Seva inawezaje kujua kwamba mteja wa mbali hahitaji tena kitu fulani? Ndani ya kompyuta moja, Java huvifagia vyenyewe vitu visivyotumika. Kwa mbali, mteja aliyekatikiwa umeme hawezi kuaga.

RMI hutatua hili kwa mkataba wa muda. Kila mteja mwenye anwani ya kitu huhesabiwa kuwa anakihitaji kwa muda maalumu, kwa kawaida dakika 10, na hupaswa kuhuisha mkataba kabla haujaisha. Asipohuisha, seva huchukulia kuwa ameondoka. Wodi hufanya jambo lilelile kwa kitanda kilichowekwa akiba kwa mgonjwa wa rufaa: hakiwezi kubaki kitupu daima kwa sababu gari halikufika na simu haijibiwi. Ni lazima kuwe na saa iliyokubaliwa, na anayekihitaji athibitishe tena.

Mlango na komeo

RMI ya asili ilibuniwa kwa mitandao ya ndani, ambako wateja hufahamiana. Kupokea kitu kilichofungashwa kutoka kwa mtu usiyemjua ni sawa na kupokea chupa ya dawa isiyo na lebo: kukifungua tu kwaweza kuleta madhara, na wavamizi wamewahi kuutumia udhaifu huu. Toleo la 9 la Java, la mwaka 2017, liliweka vichujio vya kukagua kilichomo kabla ya kufunguliwa. Lango la RMI halipaswi kuachwa wazi kwa intaneti nzima, wala taarifa za mgonjwa kupita bila kusimbwa. Nchini Tanzania hilo si suala la hiari: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihesabu afya ya mtu kuwa taarifa nyeti.

Kwa sababu hizi, na kwa sababu RMI hudai pande zote mbili ziwe za Java, mifumo mingi ya afya leo husemezana kwa njia nyingine. DHIS2 na OpenMRS hufungua milango yao kwa itifaki ya HTTP, ileile inayobeba kurasa za tovuti, ili simu ya mkononi, kompyuta au mfumo wa maabara ulioandikwa kwa lugha yoyote uweze kuuliza na kujibiwa. Lakini kubadili njia hakukuondoa maswali. Nakala bado huchakaa, kimya bado si jibu, safari nyingi bado huchosha, na mteja aliyetoweka bado haagi. Aliyeyaelewa katika RMI huyatambua kila mahali.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupokea mfumo

Waganga wakuu wa wilaya, wakuu wa vituo na kamati za afya huletewa mifumo mipya ya kompyuta mara kwa mara, nayo huoneshwa katika ukumbi wenye umeme na mtandao mzuri. Maswali manne yanatosha kuufunua mfumo ulivyo.

La kwanza: taarifa ninayoiona kwenye skrini ni ya saa hii au ni nakala, na kama ni nakala, ilichukuliwa lini? La pili: mtandao ukikatika baada ya kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, nikibonyeza tena, kutakuwa na kumbukumbu moja au mbili? La tatu: kufungua kadi ya mgonjwa mmoja kunahitaji safari ngapi kwenda kwenye seva? La nne: mtandao ukikosekana siku nzima, kama inavyotokea masika, kituo kitaendelea kuandika wapi, na taarifa hizo zitaungana vipi na nyingine mtandao ukirudi?

Swali la pili lina jaribio lake, na halihitaji mtaalamu. Fungua kadi ya majaribio, andika dozi moja, chomoa waya wa mtandao mara tu baada ya kubonyeza, urudishe, ubonyeze tena, kisha uhesabu dozi zilizomo. Zikiwa mbili, mfumo huo urudishwe kwa walioujenga kabla haujakutana na mgonjwa.